Jukwaa la Kiwanja cha Mtaa: Namna ya Kulipanga Ili Kila Aliyelipa Kiingilio Auone Mpira

Ilikuwa fainali ya mashindano ya mtaa, Makorora, hapa Tanga mjini. Winga alikimbia na mpira ubavuni kabisa mwa mstari, mbele ya jukwaa letu, akapiga krosi, likawa goli. Jukwaa zima likalipuka kwamba mpira ulikuwa umeshatoka. Mimi nilikaa safu ya tatu, nami nilisimama kupiga kelele. Lakini nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa kofia ya mzee aliyekuwa mbele yangu, na wachezaji kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu sikuiona, na mpira sikuuona. Wenzangu wote wa safu ile walikuwa hivyo hivyo. Mshika kibendera, ambaye ndiye aliyeona, alitukanwa mpaka mechi ikasimama.

Kesho yake asubuhi nilirudi pale na fundi seremala aliyetujengea, tukiwa na tepu. Safu ya kwanza ilikuwa mita 2 kutoka mstari wa pembeni. Kila safu ilipanda sentimita 30 juu ya iliyotangulia. Tulipokokotoa tukaona kwamba mtu wa safu ya tatu hakuweza kuona ardhi ya mita 4 za kwanza za uwanja, hata kama wa mbele yake hana kofia. Yaani tuliuza tiketi za kutazama mpira, kisha tukauficha mpira kila ulipokuja upande wetu.

Tangu siku hiyo kila kamati ninayokaa naomba nipewe kazi ya majukwaa. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya wenye viwanja kama vyetu: uwanja wa vumbi au nyasi za kuchomachoma, jukwaa la mbao na mirunda linalojengwa kwa siku tatu na kubomolewa mashindano yakiisha, safu nne au tano, basi.

Hatua ya 1: Anza na jua

Kabla ya kuchimba shimo hata moja, nenda kiwanjani saa 11 jioni, usimame katikati. Jua liko wapi? Mechi zetu huanza saa 10, kwa hiyo kipindi cha pili chote huchezwa jua likiwa linashuka. Tanga jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kutegemea mwezi. Anayekaa upande wa mashariki akitazama magharibi atatazama kipindi cha pili na kiganja chake usoni.

Jukwaa kubwa basi liwe upande wa magharibi, watu waligeuzie jua kisogo. Viwanja vikubwa duniani hupangwa hivyo pia, goli moja kaskazini na jingine kusini, ili makipa nao wasichomwe macho. Lakini kiwanja cha mtaa hukichagui, unakikuta kimelala kilivyolala kati ya nyumba. Kama kimelala mashariki kwa magharibi, bado una la kufanya. Mwezi wa 6 jua letu hutua likiegemea kaskazini, upande wa milima ya Usambara. Mwezi wa 12 hutua likiegemea kusini. Kwa hiyo mashindano ya Juni weka jukwaa ubavu wa kaskazini, ya Desemba ubavu wa kusini, na jua litakaa nyuma ya bega badala ya kuwa mbele ya pua.

Mwembe au mkungu ulioko magharibi ni mali. Saa 11 na nusu mti wa mita 5 hutupa kivuli kirefu cha mita 15 hadi 25, kutegemea mwezi, kuelekea mashariki, bure, bila turubai na bila nguzo. Nimewahi kuona kamati ikikata matawi ya mwembe wa namna hiyo ili isimamishe turubai la kukodi palepale. Iliniuma sana.

Hatua ya 2: Safu ya kwanza irudi nyuma

Hapa ndipo jukwaa linapopona au kufa, na ndipo nitakapobishana na wewe, kwa sababu nimebishana na kila kamati.

Watu wanaamini kwamba mwenye kuona vizuri ni aliye karibu. Ni kweli kwa mtu mmoja, yule wa safu ya kwanza. Kwa wote walio nyuma yake ni balaa. Fikiria macho yako kama ncha ya kamba, na ncha nyingine imefungwa kwenye mstari wa chokaa pale chini. Kamba hiyo inapita juu ya kichwa cha aliye mbele yako. Mstari ukiwa karibu, kamba inashuka kwa kasi na kumgonga kisogoni. Mstari ukiwa mbali, kamba inalala na kumpita juu.

Sasa hesabu. Mtu mzima aliyekaa kwenye benchi, macho yake yako kama mita 1.2 kutoka pale miguu yake inapokanyaga. Chukua nafasi ya sentimita 80 kutoka safu hadi safu, ili magoti yapate pa kukaa. Ukitaka kujua mstari wa macho wa mtu wa nyuma unapita juu kiasi gani ya macho ya wa mbele, fanya hivi: chukua urefu wa macho ya wa nyuma kutoka ardhini, zidisha kwa umbali wa macho ya wa mbele kutoka mstari wa chokaa, gawanya kwa umbali wa macho ya wa nyuma kutoka mstari huohuo, kisha toa urefu wa macho ya wa mbele.

Jaribu na safu ya kwanza iliyo mita 4 kutoka mstari, na safu ya pili iliyopanda sentimita 25. Macho ya wa nyuma ni mita 1.45. Zidisha kwa 4, gawanya kwa 4.8, unapata karibu 1.21. Toa 1.2. Inabaki sentimita moja isiyotimia. Huyo wa nyuma anatazama mboni kwa mboni na kisogo cha mwenzake.

Usiguse mbao hata moja. Sogeza tu jukwaa zima nyuma, safu ya kwanza iwe mita 8. Mita 1.45 mara 8, gawanya kwa 8.8, toa 1.2. Inabaki karibu sentimita 12. Jukwaa ni lilelile, mbao ni zilezile, lakini mtu amepata dirisha la kuonea.

Wanaosanifu viwanja huhesabu sentimita 12 kuwa nzuri, 9 kuwa ya kuridhisha, na 6 kuwa mwisho wa kuvumilia. Kuanzia utosi hadi macho kuna kama sentimita 12, ndiyo maana ukizipata hizo unaona juu kabisa ya kichwa. Ukipata 9 unainua kidevu kidogo au unatazama kati ya vichwa viwili.

Kuna jambo moja linalowashangaza mafundi: ukipandisha kila safu kwa kipimo kilekile, nafasi hiyo hupungua kadiri unavyokwenda nyuma. Jukwaa letu la mita 8 na sentimita 25 linatoa karibu 12 safu ya pili, 11 safu ya tatu, 10 safu ya nne, na 9 na kitu safu ya tano. Bado wote wamo. Ndiyo sababu napenda kuishia safu tano. Ukitaka ya sita na ya saba, anza kupandisha sentimita 30 kuanzia hapo.

Ukilazimisha kukaa mita 4, utahitaji kupandisha kama sentimita 38 kwa safu ya pili tu, na zaidi kwa zinazofuata. Safu ya tano itakuwa juu zaidi ya mita moja na nusu kutoka ardhini, badala ya mita moja kamili. Hiyo ni mirunda mirefu zaidi, misumari zaidi, na hatari zaidi mtu akianguka. Mwambie mweka hazina hilo. Wanaokataa hoja ya macho huikubali hoja ya mbao.

Na kama kiwanja kimebanwa na barabara, huna mita 8? Chukua 6. Pandisha sentimita 30 na uishie safu nne. Usichukue 2 hata ukibembelezwa. Mita 2 humnyima mshika kibendera njia na mrusha mpira nafasi, na winga akiteleza anaishia mapajani mwa watazamaji.

Hatua ya 3: Kamba ya katani na ngumi

Hesabu ya karatasi haitoshi, maana ardhi yetu si meza. Kiwanja kikiinuka katikati au kikiwa na bonde karibu na mstari, majibu yanabadilika. Hapo ndipo kamba inapofanya kazi ambayo kalamu haiwezi.

Pigilia kigingi kwenye mstari wa chokaa, mbele ya katikati ya jukwaa. Funga kamba ya katani usawa wa ardhi. Kata fito mbili za mita 1.2. Mmoja asimamishe fito yake kwenye mbao ya kukanyagia ya safu ya kwanza, pale macho ya aliyekaa yatakapokuwa. Mwingine asimamishe yake safu ya pili na kuivuta kamba mpaka kwenye ncha, ikaze vizuri, isilegee hata kidogo. Kisha weka ngumi yako juu ya ncha ya fito ya mbele, kidole gumba kikiwa juu. Ngumi ya mtu mzima ina kama sentimita 9. Kamba ikipita juu ya ngumi, safu hiyo ni nzima. Ikigusa vifundo, inavumilika. Ngumi ikiisukuma kamba juu, usipigilie msumari mwingine mpaka urekebishe.

Fanya hivyo safu kwa safu. Kisha hamisha kigingi kwenye kona ya kulia, ya kushoto, na urudie kwa viti vya pembezoni. Fundi wangu wa kwanza alinitazama nikifanya haya akasema, "Mwalimu, mimi najenga jukwaa, wewe unatega ndege?" Nikampa ncha ya kamba aishike mwenyewe, nikaketi safu ya mbele. Alipoona kamba imenikata sikioni akanyamaza, akachukua msumeno. Tangu hapo yeye ndiye anayeniuliza kama nimekuja na kamba.

Hatua ya 4: Nguzo na turubai

Nguzo ikiwa karibu na jicho huficha uwanja mkubwa kuliko unavyodhani. Mrunda wa sentimita 10 ukiwa mita 2 mbele yako hufunika mita 2 na nusu za kitu kilicho mita 50. Goli lote lina upana wa mita 7.32. Theluthi ya goli imeliwa na mti mmoja.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, nguzo za mbele zitumie bomba la chuma la inchi 2 badala ya mrunda. Macho yako mawili yamepishana kama sentimita 6, na kitu chembamba kuliko hapo hakiwezi kuyaziba yote kwa pamoja. Jicho la kushoto linaona kile ambacho la kulia limenyimwa. Jaribu sasa hivi: shika kalamu mbele ya uso wako usome maandishi yaliyo nyuma yake, kisha fumba jicho moja. Ya pili, nguzo zikae mbele ya safu ya kwanza hatua mbili au tatu, si katikati ya safu. Kadiri nguzo inavyokuwa mbali na jicho ndivyo inavyofunika kidogo.

Ukingo wa mbele wa turubai ndio unaosahaulika kuliko vyote. Tuseme uko mita 2.5 kutoka ardhini, juu ya safu ya kwanza. Mtu wa safu ya tano, ambaye macho yake yako mita 2.2, akitazama kitu kilicho mita 40 mbele haoni chochote kilichopita mita 6 kwenda juu. Kipa akipiga mpira mrefu, jukwaa la nyuma linabaki kusubiri uanguke kutoka mbinguni. Inua ukingo huo hadi mita 3.5, na mtu huyohuyo anaona mpaka mita 18. Upande wa nyuma unaweza kuuacha chini, ndiko jua liliko. Lakini ukingo ulioinuka hudaka upepo, na sisi wa pwani tunaujua upepo wa kusi ulivyo miezi ya katikati ya mwaka. Funga kamba nne kila upande, vigingi viingie ardhini mpaka shingoni.

Mabango ya wafadhili yasizidi nusu mita, na yasisogee karibu na mstari wa pembeni hadi kuuficha mpira. Spika ziwe nyuma ya jukwaa. Kibanda cha benchi la ufundi kiende upande wa pili wa uwanja. Hili la mwisho makocha hulipinga, wanataka kuwa kivulini. Wape mwavuli.

Hatua ya 5: Nyuma ya goli na kwenye kona

Viti hivi viuzwe bei ndogo na mnunuzi aambiwe kwa nini. Aliye nyuma ya goli anaona vizuri sana nani yuko kushoto na nani kulia, jinsi mabeki walivyojipanga na wapi kuna mwanya. Asichokiona ni kina. Mpira ukiwa boksi la upande wa pili hawezi kujua kama uko mita 5 au 15 kutoka golini, na kuotea hawezi kuhukumu kamwe. Nyavu nazo zinafanya ukungu mbele ya macho, hasa nyavu mpya nyeupe jua likizipiga.

Ukijenga pale, rudi nyuma mita 10 au zaidi. Mtambaa panya uko mita 2.44 kutoka ardhini. Ukikaa karibu na chini, unaukata uwanja vipande viwili, na mpira wa juu unapotea nyuma yake kisha unaibuka ghafla. Afadhali ukae pembeni ya goli kuelekea kona kuliko nyuma yake kabisa. Pale nyavu hazikuzibi, na unaanza kupata kina kidogo.

Kwenye kona yenyewe, umbali hadi kona ya mkabala katika uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita 125. Mpira unauona, namba mgongoni huisomi, na kipenga cha mwamuzi aliye huko unakisikia kama theluthi ya sekunde baada ya kumwona akipuliza. Wasanifu huweka mita 190 kuwa mwisho wa mtu kuufuatilia mpira wa miguu, na hupenda kuishia 150. Kwa hiyo kona haina ubaya wa umbali. Ubaya wake ni mabenchi yaliyonyooka sambamba na mstari, mtu akakaa shingo imepinda dakika 90. Yageuze benchi za pembezoni zitazame katikati ya uwanja. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi.

Hatua ya 6: Watu wanaotembea, watoto, na wenye viti vya magurudumu

Sasa una mita 8 za wazi kati ya safu ya kwanza na mstari. Usipozilinda, dakika ya 10 zitajaa watu waliosimama na kazi yote imekwenda na maji. Funga kamba mita 5 kutoka mstari. Nyuma ya kamba tandika mikeka ya watoto. Mstari wa macho wa safu ya kwanza hapo unapita sentimita 75 kutoka ardhini, na mtoto wa miaka minane aliyekaa kitako kichwa chake kiko chini kidogo ya hapo. Mtu mzima akikaa mkekani anapitiliza. Kwa hiyo mkeka ni wa watoto, na anayeusimamia awe mama au bibi anayeheshimika mtaani. Kijana wa ulinzi huwafokea watu nao humfokea yeye. Bibi akisema "baba, niondokee mbele ya wajukuu," mtu anaondoka.

Njia ya kupanda jukwaani iwe nyuma. Wauza karanga, kahawa na mihogo wapite nyuma vilevile, na wanunuzi wapokezane kwa mikono. Jukwaa la urefu wa mita 20 likikatwa njia moja ya katikati upande wa mbele, kila mwenda chooni anawazibia watu mia.

Mwenye kiti cha magurudumu macho yake yako karibu sawa na aliyekaa benchi, lakini goli likifungwa wote husimama na yeye anabaki kutazama migongo. Mpe safu ya kwanza, ardhi ikiwa imesawazishwa na mbao au zege jembamba, na mbele yake pasitandikwe mkeka. Acha nafasi ya kiti cha mwenzake kando yake.

Hatua ya 7: Uimara

Sitarefusha, kwa sababu hii ni kazi ya fundi na si ya kubahatisha. Kila fremu iwe na mbao za mshazari pande zote mbili, maana watu wakiruka jukwaa huyumba kwa ubavu kabla ya kuzama. Hesabu sentimita 50 kwa mtu mmoja na usiuze zaidi. Nyuma ya safu ya mwisho pawe na kizuizi cha mita 1.1. Siku moja kabla ya mechi, wapande vijana kumi safu moja waruke pamoja, fundi akiwa chini anasikiliza.

Hatua ya 8: Jaribio la jioni

Siku hiyohiyo saa 10, waite watoto wa mtaa wacheze, na wajumbe wote wa kamati wakae jukwaani, kila safu ijae angalau katikati. Weka mtoto mmoja mwenye mpira atembee juu ya mstari wa pembeni kutoka kona hadi kona. Kila mjumbe anyooshe mkono pale anapoupoteza mpira. Unayesimamia, simama uwanjani utazame mikono. Mikono ikiinuka kwa safu nzima, tatizo ni mpando. Ikiinuka kwa mstari kutoka mbele kwenda nyuma, kuna nguzo. Ikiinuka pembezoni tu, geuza benchi.

Kiti ambacho mkono umeinuka na huwezi kukirekebisha, kipige alama ya X kwa chokaa na usikiuze. Pale uwanja wa Mkwakwani, ambako wengi wetu tulianza kuwatazama Coastal Union, Wagosi wa Kaya, tukiwa tumebebwa mabegani, mtoto alikuwa na bega la baba. Aliyelipa kiingilio chako peke yake hana bega la mtu.

Mashindano yakiisha na mbao zikirudishwa stoo, usiving'oe vigingi viwili: cha safu ya kwanza kulia na cha kushoto. Vizike kwenye zege, usawa wa ardhi, watoto wasijikwae. Mwakani kamati mpya itakuja na fundi mpya, na kitu cha kwanza watakachotaka ni kusogeza jukwaa mbele.